Nyasi za Mama na Mabati ya Baba

Nyasi zilizokaa juu ya moto wa kuni kwa misimu mingi zina harufu ambayo sijaikuta mahali pengine. Moshi umo, masizi yamo, panya wamo, vumbi la ulezi limo, na vyote vimekaa pamoja muda mrefu hadi vimezoeana. Mvua ya kwanza ikinyesha, harufu hiyo hushuka chumbani na kuingia katika nguo, katika unga na katika nywele za watoto. Mwalimu wetu mmoja, aliyetoka mjini, alikuwa akifungua madirisha ya darasa siku za mvua na kusema kwamba tunanuka nyumba zetu. Hakukosea. Nyumba yetu ilikuwa katika kijiji kimoja upande wa Ndalambo, kando ya njia ya magari yanayotoka Tunduma, na magari yenyewe siku hizo yalipita yakijisikia. Ilikuwa miaka ambayo sabuni ilikuwa imerudi madukani baada ya kuadimika, bidhaa za Zambia zilikuwa zinavuka mpaka mchana kweupe, na kila aliyekwenda Tunduma alirudi na habari ya kitu kipya alichokiona kwa macho yake. Sisi kipya chetu kilikuwa mabati, nayo yalikuwa chini ya kitanda.

Baba yangu alikuwa mkulima wa mahindi na maharage, mtu wa maneno machache na mipango mirefu. Kila baada ya mavuno alikwenda Tunduma na kurudi juu ya lori akiwa na mabati machache. Kwa kuwa hayakutosha kuezeka hata choo, aliyalaza chini ya kitanda chake yasubiri wenzao wa mwaka unaofuata. Hakuthubutu kuyaweka nje, maana bati siku zile lilikuwa na miguu. Mwaka hadi mwaka yalipanda, mpaka ikawa ufagio haupiti tena chini ya kitanda kile, na usiku mzazi mmoja akijigeuza tuliyasikia yakilalamika. Mama alikuwa akisema mbele ya wageni kwamba wenzake wana mabati juu ya kichwa, yeye anayo chini ya mgongo. Wageni walicheka. Baba naye alicheka, ila kicheko chake kilikuwa kifupi.

Wakati huo paa lenyewe lilikuwa linazeeka juu yetu. Kwetu kuezeka ni kazi ya wanaume na kukata nyasi ni kazi ya wanawake. Mavuno yakiisha na baridi ikaanza kuuma, wanawake huingia mabondeni na mundu, wakakata nyasi ndefu zilizokauka zikiwa zimesimama, wakazifunga matita na kuyaleta nyumbani kwa kichwa. Mama hakuwa mtu wa pale. Alikuwa Mndali wa Isongole, huko mpakani mwa Malawi, na Kinamwanga chake, lugha ya kwetu, kilikuwa na milima ndani yake. Alikuwa na namna yake ya kukata. Wengine walikata, wakakusanya, wakafunga. Mama alishika kila konzi kwa mkono wa kushoto, akalichana kwa vidole vya mkono wa kulia kutoka juu hadi chini mpaka majani yote malegevu yakaanguka, yakabaki mabua matupu yaliyonyooka, kisha akaligonga chini ili vitako vyote vilingane. Alipoteza muda mwingi. Dada yake baba, Shangazi Namonje, alikuwa akimchokoza.

"Wifi, unakata nyasi au unasuka nywele?"

"Nasuka," mama alijibu. "Nyumba nayo inataka kwenda kanisani."

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na umri wa kutosha kukabidhiwa kazi ya kuchana. Tulishinda bondeni, mama akikata, mimi nikichana nyuma yake, na mdogo wangu Lusajo, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amejua kutembea, akiwa amekalishwa juu ya khanga na kiazi mkononi. Mabua yalikata vidole. Baridi ilikuwa ile ya kwetu inayokufanya uone pumzi yako mpaka jua lipande. Mama alisema mwaka huu hataki tena kuweka sufuria chini ya matone, kwa hiyo atakata nyasi za paa zima, si za kuziba viraka, na mabati ya baba yaendelee kulala kwa amani. Matita yakaongezeka nyuma ya nyumba, yameegemezwa ukutani, yote yamechanwa, yote vitako sawa. Alipobakiza kidogo tu kumaliza, akaanza kukohoa.

Ilikuwa kichomi. Watu walisema ni baridi ya bondeni. Alilala siku chache akisema ataamka kesho, kisha baba akasimamisha lori na kumpeleka hospitali, na mama aliporudi alirudi kwa lori jingine akiwa amefunikwa shuka. Nakumbuka kwamba mtu fulani alinishika mabega akaniambia nilie. Nilisikia alichosema na nilijua kwamba ndicho kinachotakiwa, lakini hakuna kilichokuja. Nilikuwa na ganzi. Neno hilo nililijua kwa mguu tu, ule uliokaliwa vibaya, ambao unaugusa na unaona ni wako lakini hausikii. Sikujua kwamba mtu mzima mzima anaweza kuwa hivyo. Wanawake walilia uani, wanaume waliota moto, Lusajo alipita kutoka paja moja hadi jingine akipewa uji na kila mtu, na mimi nilikwenda nyuma ya nyumba na kukaa karibu na matita kwa sababu huko hapakuwa na mtu wa kuniangalia kama nalia.

Sasa, katika ukoo wetu mtu akifariki vitu alivyovishika kwa mikono yake haviguswi mpaka siku ya kugawa. Jembe lake linaegemezwa pale alipoliacha. Chungu chake hakipikiwi. Siku hiyo ya kugawa ndugu wa pande zote mbili hukutana, vitu hutolewa nje, vikahesabiwa kwa macho ya wote, na kila kimoja kikapata mtu wa kukirithi. Ni utaratibu mzuri kwa khanga na sufuria. Hakuna aliyewahi kuufikiria kwa upande wa nyasi. Shangazi Namonje alikuja nyuma ya nyumba siku chache baada ya mazishi akiwa na nia ya kuyapandisha matita juu ya magogo ili yasilale chini. Akanyoosha mkono, akasita, akaurudisha. Nyasi zile zilikatwa na marehemu, zikachanwa na marehemu, zikafungwa na marehemu. Zilikuwa vitu vyake kama khanga. Akazunguka, akaondoka.

Basi zikabaki chini. Na mchwa hawajui matanga. Nilianza kuuona udongo mwekundu ukipanda kidogo kidogo kwenye vitako vya matita ya chini, njia nyembamba kwanza, kisha pana. Nilijua kwamba siruhusiwi kuzigusa na nilijua kwamba zikiachwa zitaliwa. Naomba nieleweke hapa, kwa sababu watu wanaosikia habari hii hudhani nilikuwa mtoto mwenye uchungu mwingi. Sikuwa na uchungu. Sikuwa na hamu ya chakula, ya mchezo wala ya shule. Sikumlilia mama usiku. Katika miezi ile yote nilitaka kitu kimoja tu, nacho ni kwamba nyasi zile zipande juu ya nyumba.

Siku ya kugawa alikuja Mjomba Ambakisye kutoka Isongole, kaka yake mama, mtu mfupi mwenye koti refu kuliko lilivyopaswa kuwa. Vitu vilitandazwa uani juu ya mkeka. Khanga zilikwenda kwa dada zake na kwa Shangazi. Vyungu vilibaki kwa nyumba. Mundu nilipewa mimi, kwa kuwa ni binti, nikaushika nikiwa sijui niuweke wapi. Ilipodhaniwa kwamba tumemaliza, mjomba akasimama, akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi.

"Shemeji, mimi nauliza tu," alimwambia baba. "Zile nyasi za nani?"

"Za nyumba," baba alisema.

"Alizikata nani?"

"Si unajua alizikata nani."

"Basi ni zake. Mbona hazikutolewa hapa tukaziona?"

Shangazi Namonje alisema nyasi si kitu cha kugawa, nyasi zinaota kila mahali, hata huko Isongole zimejaa. Mjomba alikubali kwamba zimejaa. Kisha akasema jambo ambalo watu wote wa uani walilisikia, na ambalo baba hakulisahau hadi uzee wake. Alisema kwamba dada yake amelala miaka yote juu ya mabati, huku nyasi zikimvujia usoni, na amekufa akitafuta nyasi nyingine. "Mabati mnamwekea nani?" aliuliza. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

Baba aliona aibu, na aibu kwa mtu wa maneno machache hutoka ikiwa kiapo. Alisema hakuna unyasi utakaopanda tena juu ya nyumba ile. Ataezeka mabati nyumba nzima kabla ya mvua, na nyasi Namonje atazichukua akaezekee zizi la mbuzi wake. Mjomba akasema kama dada yake alikata nyasi za mbuzi, basi atazichukua yeye akazipeleke kwao. Mtu akauliza kwa gari gani. Akasema hata kwa kichwa. Watu walijizuia kucheka, maana kutoka kwetu hadi Isongole si mahali pa kwenda na tita kichwani, lakini mjomba alivua koti lake refu akalitundika kwenye mti na kusema haondoki mpaka jambo lake liishe. Akakaribishwa kwa Shangazi. Hivyo ndivyo nyasi zilivyokuwa za watu wawili na za mchwa, na hakuna aliyeweza kuzigusa isipokuwa mchwa.

Baba akapanda lori kwenda Tunduma. Duka alilozoea lilikuwa la mzee mmoja Mrangi aliyehamia kutoka Kondoa, mwenye kofia nyeupe na tabia ya kumpa mteja kiti kabla ya kumuuliza shida yake. Baba alitusimulia baadaye kwamba mzee yule alimpa pole, akamwombea marehemu rehema, kisha akamwonyesha ukuta mtupu. Mzigo wake ulikuwa upande wa pili wa mpaka na haujulikani utavuka lini. Alimpa yaliyobaki, yenye kingo zilizopinda, na misumari. Baba akarudi nayo. Akayatoa na yale ya chini ya kitanda, akayapanga yote uani, akapima kwa kamba upande mmoja wa nyumba, kisha mwingine. Mawingu yalikuwa yamekwisha kuanza kukusanyika mchana na kutawanyika jioni. Akapima mara ya pili, akaanzia upande wa pili safari hii, kana kwamba yangeongezeka. Mjomba alikuwa amekaa mbali akichonga mpini usio na jembe.

Mtoto wa kwetu hasemi katika shauri la wakubwa. Sijui hata sasa niliwezaje. Nilimwendea baba na kusema, "Tata, nyasi za mayo zinaliwa." Mayo ndiyo mama kwetu. Nilisema kwa sauti ileile ambayo ningeitumia kusema kwamba maji yamechemka.

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Akaenda nyuma ya nyumba na mimi nikamfuata, na mjomba akatufuata sote bila kuitwa. Baba akainama akalivuta tita la chini kabisa. Udongo ukaanguka, na mchwa, na kitako chote kilikuwa kimeliwa, lakini juu ya hapo mabua yalikuwa mazima. Alilifungua. Akapitisha vidole kati ya mabua yale yaliyochanwa, akitafuta jani moja legevu, na hakulipata. Akakaa chini palepale, juu ya udongo wa mchwa, na suruali yake ya kwendea Tunduma. Sijapata kumwona baba akilia, na siku ile pia hakulia. Mjomba alisimama kidogo, kisha naye akakaa.

"Zitatosha upande gani?" baba aliuliza.

"Wa nyuma," mjomba alisema. "Wa watoto."

Ndivyo lilivyoamuliwa jambo ambalo fundi yeyote mwenye akili angelikataa. Upande wa mbele, unaotazama njia ya magari, ungepata mabati. Upande wa nyuma, wa vyumba vya kulala, ungepata nyasi za mama. Kila mtu ameshinda. Nyumba haikuulizwa.

Tuliezua paa la zamani siku ya jua kali. Vijana walipanda wakavuta nyasi nyeusi na kuzitupa chini, na masizi yakawafanya wote wafanane. Panya walishuka kwa kamba ambazo hatukuwahi kujua zipo. Nge mmoja aliuawa kwa kandambili. Nyumba ilipobaki na miti mitupu niliingia ndani nikatazama juu na kuona anga mahali palipokuwa na usiku siku zote, na kitanda cha wazazi kikiwa kimesimama kwenye mwanga kama kitu kilichofumaniwa. Nilitoka. Sikuhisi lolote la kusimulia.

Mafundi walikuwa wawili na walichukiana tangu asubuhi. Wa nyasi alikuwa jirani yetu, mzee aliyeezeka nusu ya kijiji. Wa mabati alikuwa kijana wa Tunduma aliyetia penseli sikioni na kuwaita wateja wake "bosi", neno ambalo baba alilipokea vibaya. Mzee alitaka mteremko mkali, maana nyasi zikilala, maji nayo hulala. Kijana alitaka mteremko mdogo, maana mabati ya baba yalikuwa mafupi na mteremko mkali ungeyala yote kabla hayajafika juu. Kila mmoja alikuwa na haki. Kila mmoja akafanya upande wake. Kwa hiyo nyumba ikawa na bega moja juu na bega moja chini, na pale mgongoni, ambapo pande mbili za paa hukutana na kufunikwa kwa kofia ya bati, pakabaki mwanya ambao kijana alitaka kuuziba kwa bati lililokunjwa na mzee alitaka kuuziba kwa udongo na nyasi. Wakaziba kwa vyote viwili, kila mmoja akisubiri mwenzake ashuke ndipo apande kurekebisha alichoharibu.

Shangazi alikuwa amepika kimpumu, pombe yetu ya ulezi, na wanaume waliokuja kusaidia walikaa kivulini wakiinyonya kwa mirija na kutoa ushauri. Upande wa nyuma baba mwenyewe alipanda. Mjomba alibaki chini. Alichukua tita, akalifungua, akalirusha juu kwa namna ambayo halikutawanyika, na baba akalidaka, akalilaza kwenye fito, akalifunga kwa kamba ya gome la miombo. Tita kwa tita, kuanzia ukingoni kwenda juu. Asubuhi ile walikuwa hawajasalimiana vizuri, na hadi jioni hawakuwa wamesema zaidi ya "haya" na "leta". Nilikuwa nakata vitako vilivyoliwa na mchwa kwa mundu wangu kabla mjomba hajayarusha matita. Kwa hiyo paa la nyuma lilikuwa fupi kidogo kuliko mama alivyokusudia. Tita la mwisho lilipofika juu, mjomba alivaa koti lake, akampa baba mkono, akatushika vichwa mimi na Lusajo, akaenda kusimamisha lori.

Mvua ilikuja wiki hiyohiyo, alasiri. Upande wa mbele ilipiga makelele hata baba na mgeni wake wakawa wanaonyeshana kwa vidole. Nyuma kulikuwa kimya. Unasikia kwamba inanyesha kama unavyosikia watu wakizungumza nyumba ya jirani. Nilikuwa nimekaa kitandani na Lusajo nikasubiri tone, kwa mazoea, na sufuria niliiweka tayari. Halikuja. Kutoka chumba cha mbele nikamsikia baba akimuaga mgeni wake kwa kupiga kelele, kisha mlango ukafunguka akaingia na kigoda chake, akakiweka kati ya kitanda na ukuta, akakaa. Alisema tu kwamba kule hawezi kufikiri. Tangu siku hiyo, kila mvua iliponyesha mchana, mwenye mabati alihamia kwenye nyasi. Ule mwanya wa mgongoni ulivuja, kama kila mtu alivyojua utavuja. Ulivuja mstari mmoja mrefu juu ya ukuta unaogawa nyumba, na ukuta huo ukawa na alama ya maji ambayo hatukuweza kuifuta kwa chokaa yoyote. Wapita njia walicheka. Walituita nyumba ya suti, mbele koti nyuma kaptula.

Nyasi hazidumu. Kila kiangazi baba alipanda akang'oa palipooza na kuchomeka mpya, na mimi ndiye niliyekata hizo mpya kwa mundu ule, nikazichana kama nilivyofundishwa. Msimu mmoja tulibadilisha upana wa mkono mmoja, msimu mwingine mikono miwili. Hakuna aliyeweka alama mpya zilipoanzia. Nilimaliza darasa la saba, nikaenda Tunduma kuuza nguo katika duka la mtu, nikaolewa hukohuko, na wakati huo mabati yakawa kitu cha kawaida, yanavuka mpaka kwa malori, hata mbuzi wa Shangazi Namonje wakapata la kwao. Baba alituma habari kwamba amepata ya kutosha upande wa nyuma. Nikaenda siku ya kuezua. Lusajo alikuwa kijana mwenye ndevu za kwanza, na ndiye aliyekuwa juu.

Alikuwa anazitupa chini kwa mafungu, nyeusi, zimeoza, zimeshikana. Akasimama na fungu mkononi akaniuliza, "Dada, za mama ni zipi?"

Nilichukua fungu moja, nikalipasua, nikaangalia mabua. Yalikuwa yamechanwa. Nikachukua jingine, nalo lilikuwa limechanwa. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui, huenda hakuna hata moja, huenda zimekwisha zamani na zote hizi ni zangu. Lusajo akakaa juu ya miti ya paa akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya fundi, na fundi akashuka kwa heshima. Mimi nilisimama chini nikimtazama. Nilimwonea wivu, nasema wazi. Mimi niliyemjua mama, niliyekaa naye bondeni, nilikuwa na mikono myeusi na macho makavu, nikitafuta ndani yangu kama mtu anayepapasa ukuta wa nyumba asiyoijua. Baba alisema tuendelee na kazi kabla ya jua kuwa kali.

Sasa naishi Tunduma, katika nyumba yangu. Paa ni la mabati ya rangi, yale ya migongo mipana, na chini yake kuna dari jeupe, kwa hiyo mvua haipigi kelele wala hainong'oni. Mara nyingi najua kwamba imenyesha nikitoka nje na kuona lami imelowa. Liliezekwa na vijana waliokuja asubuhi na mashine ya umeme na kuondoka kabla ya chai ya jioni, na sikumbuki jina la hata mmoja wao. Ni paa zuri. Halivuji, halinuki, na halinidai chochote kila kiangazi. Siwezi kusema kwamba zamani ilikuwa bora. Zamani ilimuua mama kwa baridi ya kutafuta paa, na mabati yalikuwepo.

Lakini nina watoto, na watoto huuliza. Wakiniuliza paa letu limetengenezwa na nani, huwajibu ni kiwanda. Siku moja walimuuliza Lusajo, alipokuja kututembelea, kwamba yeye na mimi tulipokuwa wadogo paa letu lilitengenezwa na nani. Hakufikiri hata kidogo. "Mama," alisema, akaendelea kunywa chai. Lusajo hamkumbuki mama hata sura. Hana picha yake, hana sauti yake, na mimi niliye na vyote hivyo sikuwa na la kumsahihisha.